Barua ya wazi kwa wakuu wa usafiri wa anga na wa vifaa tiba: mtungi wa oksijeni ndani ya ndege hauna mwenyewe

Kwenu Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda. Kwenu wakuu wa mamlaka zinazosimamia dawa na vifaa tiba katika nchi hizo. Na kwenu mlioko Entebbe, katika wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA.

Waheshimiwa,

Salamu. Mimi ni muuguzi wa ndege za wagonjwa. Kazi yangu ni kumpokea mgonjwa mahututi kwenye kiwanja cha vumbi huko pembezoni na kumfikisha hospitali kubwa akiwa hai. Nimewaandikia nyote barua moja kwa makusudi, maana jambo lenyewe limekaa katikati yenu, na kila mmoja akilitazama anaona ni la mwenzake.

Nazungumzia moto. Wa injini una wataalamu wake na siutii mdomo. Ninaousema mimi ni ule unaoweza kuanzia kwenye mtungi wa oksijeni, regyuleta (kile kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi inayotoka mtungini) na mashine ya kupumulia tunayopanda nayo ndegeni, sentimita chache kutoka usoni mwa mtu ambaye hata mkono hawezi kuuinua.

Ndege ikikaguliwa, huangaliwa kile kilichofungwa kwenye bodi lake. Mitungi ya kudumu iliyowekwa kwa kibali ina karatasi zake, tarehe zake na fundi aliyetia saini. Hospitali nayo ikikaguliwa, huangaliwa mashine zilizoko wodini. Lakini mtungi mdogo unaobebwa kwa mkono, regyuleta iliyokazwa shingoni mwake, kile kigasketi cha katikati, kipete cha kuziba gesi isivuje, ambacho hata jina lake wengi hawalijui, na bomba linalokwenda kwenye mashine, hivi vyote hupanda na mimi na kushuka na mimi. Nimewahi kumuuliza fundi wa ndege, akanijibu kwa upole kabisa: "Sista, hiyo si sehemu ya ndege." Nikamuuliza fundi wa vifaa tiba, akacheka: "Kikishapanda ndege si changu tena." Kama kanuni inayotaja mwenye dhamana ipo, basi haijashuka hadi kwenye machela.

Msiniambie ni woga wa mwanamke aliyechoka. Tarehe 24 Agosti 2022, gari la wagonjwa lilikuwa linakaribia hospitali katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Nyuma ya gari paramediki, yaani mhudumu wa dharura, alikuwa anahamisha oksijeni ya mgonjwa kwenda kwenye mtungi wa kubebeka. Ukasikika mlio mdogo wa kupasuka, ukafuata mwanga mkali, na sehemu ya nyuma ikajaa moto na moshi. Mgonjwa alifariki, paramediki akaungua vibaya. Uchunguzi uliofanyika baadaye uliuweka mwanzo wa moto kwenye regyuleta ya mtungi ule. Gari lile lilikuwa ardhini. Dereva aliweza kusimama na kushuka, na hospitali ilikuwa mbele ya macho yao.

Karibu miaka kumi na moja kabla ya hapo, Novemba 2011, katika hospitali ya Royal United mjini Bath, Uingereza, mtungi wa oksijeni uliolazwa kitandani kwa mgonjwa ulishika moto ulipofunguliwa, na chumba kizima cha wagonjwa mahututi ikabidi kihamishwe. Nchi tofauti, vifaa tofauti, lakini zote mbili ni ile dakika ya kugusa mtungi.

Dakika hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame kwa karibu.

Mtungi tunaouita saizi E, uliozoeleka kwenye machela, huwa na lita 680 za oksijeni zilizobanwa kwa shinikizo la karibu bar 137. Regyuleta ikiwa imekazwa mtungini na vali haijafunguliwa, kile kijia kati ya vali na regyuleta kina hewa ya kawaida, bar 1. Sasa mtu ana haraka, mgonjwa anashuka rangi, anaizungusha vali kwa nguvu mara moja. Gesi inaruka kutoka bar 1 hadi bar 137 kwa kufumba na kufumbua. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua pampu inavyopata moto kule chini. Hapa ni jambo lilelile, ila kwa hesabu ya karatasi joto la gesi iliyobanwa namna hiyo linapita nyuzi 900 za Selsiasi iwapo halipati pa kwenda. Kwa kawaida linapata pa kwenda, chuma kinalimeza, na hakuna kinachotokea. Lakini pakiwa na chembe ya vumbi, uzi wa kitambaa, tone la mafuta au gasketi ya nailoni iliyochakaa, kitu hicho kinawaka. Kikishawaka ndani ya oksijeni tupu, kinawasha cha jirani yake, na cha jirani kinaweza kuwa regyuleta yenyewe.

Ndiyo maana madini ya regyuleta yana uzito katika barua hii. Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, pamoja na taasisi ya usalama kazini ya nchi hiyo, NIOSH, walitoa tahadhari kuhusu regyuleta za alumini: katika miaka mitano walikuwa wamepokea taarifa 16 za regyuleta kuungua au kulipuka, na watu 11 walijeruhiwa, wahudumu wa afya kama mimi na wagonjwa. Ushauri wao ulikuwa kuhamia kwenye regyuleta za shaba ya manjano, ambayo ni vigumu mno kushika moto katika hali hiyo. Mwaka 2006 wakarudi tena na taarifa nyingine 12, safari hii kidole kikielekezwa kwenye gasketi: zile za nailoni, zilizotengenezwa zitumike mara moja na kutupwa, zilikuwa zinatumiwa tena na tena, na anayeona zinavujisha anazikaza kwa spana. Gasketi iliyokazwa kupita kiasi inachanika, vipande vinaingia njia ya gesi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoanza kuwaka.

Waheshimiwa, sisi tunaishi kwenye nchi ambazo kitu cha kutumia mara moja hutumiwa hadi kikatae. Sisemi hivi kwa kejeli. Sindano tuliacha kuzichemsha juzi tu, na zilituponya. Lakini regyuleta nyepesi ya alumini iliyoondolewa kazini ng'ambo haikosi njia ya kufika huku ndani ya kontena la msaada, imefutwa vumbi, na mpokeaji anashukuru. Nimeshika regyuleta ambayo nyuzi zake zilikuwa zimezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nimeshika nyingine iliyoteleza kidoleni, kwa kuwa fundi aliona inakaza vibaya akaipaka grisi kidogo ili ilainike. Fundi yule ni mtu mzuri na mchapakazi. Angekuwa anatengeneza pampu ya maji, angekuwa amefanya vyema.

Sasa wekeni dakika hiyo angani.

Baadhi ya mashine za kupumulia tunazotumia hazina mota ya umeme ya kusukuma hewa. Zinaendeshwa na shinikizo la oksijeni yenyewe, yaani gesi ni dawa na gesi hiyohiyo ndiyo nguvu. Faida yake ni kubwa, kwani betri ikiisha mgonjwa bado anapumua. Ubaya wake ni kwamba zinakunywa gesi bila huruma. Chukueni mgonjwa wa Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, anayeletwa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 800. Ndege aina ya Cessna Caravan huitembea njia hiyo kwa takribani saa mbili na nusu, bila kuhesabu muda wa kumpakia na kumshusha. Mashine ikitumia lita 10 kwa dakika, mtungi wa lita 680 unadumu dakika 68 hadi tone la mwisho, na hakuna mwenye akili timamu anayesubiri tone la mwisho. Kwa hiyo tunaubadilisha kabla ya saa kwisha. Maana yake, katika safari hiyo moja, mara mbili au zaidi, tukiwa angani, kuna mtu anayepiga magoti kwenye nafasi isiyotosha magoti, ndege inaruka kwenye mawimbi ya hewa ya joto, mkono mmoja unambonyezea mgonjwa mpira wa hewa wa kumpumulisha, mkono mwingine unafungua regyuleta kutoka mtungi mtupu na kuihamishia kwenye mpya.

Nifafanue zaidi kidogo, kwa sababu najua baadhi yenu hamjawahi kuliona. Kofia ya plastiki ya mtungi mpya inang'olewa kwa meno mara nyingi, maana mikono imejaa. Gasketi ya zamani imebaki imenata kwenye regyuleta au imedondoka chini ya machela, na gizani haionekani. Kuna vishimo viwili shingoni mwa mtungi na vipini viwili kwenye regyuleta ambavyo lazima vikutane. Vimewekwa hivyo ili mtu asiunganishe gesi nyingine kimakosa, na ni akili nzuri sana. Lakini ndege ikitikisika unapapasa. Unakaza. Unafungua vali. Hapo ndipo unapotakiwa uifungue polepole, kidogo kidogo, mshale wa geji upande hadi utulie, uso wa geji ukiwa umegeuziwa mbali na watu. Hapo pia ndipo mlio wa hatari wa mashine unapokupigia kelele sikioni na kipimo cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 79, chini mno.

Na mtungi wenyewe umetoka wapi? Kanuni inataka, kabla ya kuunganisha, vali ifunguliwe kidogo sana ili gesi ipulize vumbi la mdomoni, na hilo lifanyike nje, mbali na mgonjwa. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, saa nane mchana, mtungi umelala kwenye changarawe kando ya gurudumu, upepo unavuma, na gari la wagonjwa la huko limetupatia mtungi wake kwa kuwa wetu umeshuka nusu. Wetu ni mweusi wenye mabega meupe, wao ni wa kijani, wa Kimarekani. Nani aliujaza, kwa kompresa gani, mara ya mwisho ulipimwa shinikizo lini, hakuna wa kuuliza. Tunaushukuru na kuupakia.

Wenzetu Marekani wameandika jambo hili kwenye sheria. Kifungu 121.574 cha kanuni zao za anga kinakataza kwenye ndege za mashirika makubwa mtu yeyote kuunganisha au kuchomoa kifaa cha kutolea oksijeni kwenye mtungi wakati abiria wamo ndani. Kwa ndege ndogo za kukodi, ambamo za wagonjwa nazo zimo, kifungu 135.91 kinaruhusu, lakini kwa aliyefunzwa matumizi ya vifaa hivyo peke yake. Someni vifungu hivyo viwili pamoja mtaona walichokielewa: kwamba kuunganisha mtungi ni tendo la hatari kiasi cha kutajwa kwa jina lake. Miongozo ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kuhusu shehena hatari nayo inawapa nafuu waliobeba gesi kwa ajili ya mgonjwa aliye safarini, kwa masharti. Mtungi uwe umetengenezwa mahususi kwa gesi hiyo, na kuwe na njia ya kuufunga usitembee wakati wa kuruka na kutua. Nafuu ile ilitolewa kwa imani kwamba kuna mtu atakayesimamia masharti. Swali langu kwenu ni jina la mtu huyo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu vya wazungu, na mnisamehe nikiliandika kwa kirefu. Mgonjwa wetu hapandi ndege peke yake. Anapandishwa na ukoo. Kabla sijamfikia, mama mkwe ameshampaka mafuta ya nazi miguuni ili asionekane amepauka mbele ya madaktari wa mjini. Midomo imekauka kwa homa, dada yake kampaka vaselini. Mchungaji amekuja na chupa yake ya mafuta ya upako, ameomba na kumpaka kwenye paji la uso, na huenda hayo ndiyo maombi ya mwisho mgonjwa atakayoyasikia. Nani atamwambia mchungaji afute? Mimi nafanya hivyo, kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na kwa maneno mengi ya adabu, kwa sababu barakoa ya oksijeni inakwenda kukaa juu ya mafuta hayohayo. Lakini nafanya kwa hiari yangu na kwa kuwa kuna mtu alinifundisha. Hakuna fomu inayouliza. Midomo mikavu ina dawa zake zisizo na mafuta, zenye asili ya maji, na bei yake haizidi ya soda mbili. Sisi wenyewe tunanawa mikono kwa kitakasa mikono chenye spiriti, tunashika vali kabla hakijakauka. Na blanketi: lile zito la manyoya ya kutengeneza, lenye picha ya simba, ambalo familia imelinunua kwa ajili ya safari, ukilivuta wakati wa ukame linatoa cheche unazoziona kwa macho.

Oksijeni inajificha kwenye vitambaa. Mtu mzima aliyelala anatumia kiasi cha robo lita ya oksijeni kwa dakika. Ukimpa lita 15, zilizobaki zinatoka pembeni ya barakoa na kushuka chini ya blanketi, ndani ya nguo, kwenye godoro la machela. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Ikipita asilimia 23.5, wataalamu wa moto huihesabu kuwa hewa iliyotajirika, ambamo vitu huwaka kwa urahisi na kwa kasi isiyo ya kawaida. Kebini ya ndege kama Caravan au PC-12 ina kama mita za ujazo 9. Fanyeni hesabu ya kebini iliyofungwa, isiyopitisha hewa, ndege ikiwa imeegeshwa ikisubiri kibali: lita 290 hivi za oksijeni ya ziada zinatosha kuivusha mstari huo. Kwa lita 15 kwa dakika ni chini ya dakika 20. Kwa zile mashine za siku hizi zinazopuliza puani hadi lita 60 kwa dakika, ni chini ya dakika tano. Ndege ikiwa hewani na matundu ya hewa yako wazi hali ni nafuu sana. Lakini anayejua hivyo ni nani, na rubani anaambiwa na nani afungue matundu, wakati mgonjwa ana baridi na ndugu yake anaomba yafungwe? Kipimo kidogo cha asilimia ya oksijeni hewani kinaweza kufungwa ukutani kwa skrubu mbili. Nimekiona kwenye viwanda vya gesi. Kwenye ndege ya wagonjwa sijakiona.

Juu ya hapo tunaongeza umeme. Mashine ya kushtua moyo, pampu za dawa, monita, simu za ndugu, kila kimoja na betri yake ya lithiamu. Miongozo ya kushtua moyo inasema chanzo cha oksijeni kisogezwe angalau mita moja kutoka kifuani kwa mgonjwa kabla ya kubonyeza. Upana wa kebini ya Caravan ni kama mita moja na sentimita 60. Mita moja kutoka kifuani ni ukuta wa pili, au ni mapajani mwa daktari.

Na moto ukitokea? Tarehe 29 Julai 2011, Boeing 777 ya EgyptAir ilikuwa imeegeshwa Cairo ikijiandaa kuondoka, moto ukazuka pembeni ya kiti cha rubani msaidizi ukilishwa na oksijeni ya marubani. Watu wote walitoka salama kwa sababu ndege ilikuwa kwenye lango. Moto ulitoboa ganda la ndege. Rubani alikuwa amejaribu kizima moto, na hakikufua dafu. Kizima moto kinaondoa joto na kukatiza mwako, lakini hakiwezi kuiondoa oksijeni inayoendelea kutoka mtungini. Vali lazima ifungwe kwanza. Hapo ndipo mazoezi yetu yanapokosekana. Tunafanya mazoezi ya kutoka ndegeni, ya kuvaa jaketi la kuokolea, ya mgonjwa kuzimia. Amri ya "funga oksijeni" inatolewa na nani, anayefunga amekaa upande gani, na mgonjwa anapumua kwa nini katika dakika hizo? Jibu ni mpira wa hewa wa mkono, uliokwisha kutolewa kwenye mfuko kabla ya kuruka, ukiwa na hewa ya kawaida ya kebini. Kwa dakika chache unatosha wagonjwa walio wengi. Lakini mpira ulioko chini ya mizigo ni sawa na mpira usiokuwepo.

Najua mtakachoambiwa. Mtaambiwa kwamba huduma hii inaendeshwa kwa shida, na kwamba kila sharti jipya linapandisha bei ya safari hadi mgonjwa maskini anabaki kijijini. Hoja hiyo naiheshimu kuliko mnavyodhani. Tangu 1957, Michael Wood na wenzake walipoanzisha kazi ya madaktari warukao Afrika Mashariki, huduma hii imesimama kwa kubana matumizi, na imeokoa watu wengi ambao hakuna barabara ingewaokoa. Lakini tazameni ninachokiomba. Regyuleta ya shaba ya manjano si bei ya injini. Gasketi nzuri, ile ya pete ya chuma yenye mpira ndani, inatumika mara nyingi. Gharama kubwa pekee ni kuhamia kwenye mitungi mikubwa iliyofungwa chini ya machela kwa kibali, ambayo inafunguliwa mara moja ardhini, polepole, mlango ukiwa wazi, na haiguswi tena hadi kutua. Kwa safari ndefu hiyo ndiyo dawa, na kwa safari hizo ningependa iwe sharti. Kwa safari fupi, mitungi midogo inatosha, mradi wa akiba uwe umeshaunganishwa na regyuleta yake na kujaribiwa kabla ya kuruka, ili angani pahamishwe bomba la shinikizo dogo tu na shingo ya mtungi isiguswe.

Mtaambiwa pia kwamba kuzungumza hadharani kutawatisha wagonjwa. Nimekaa na wagonjwa hawa. Anayehangaika kuvuta pumzi haogopi oksijeni, anaogopa kuikosa, na yuko sahihi. Barua hii haisemi oksijeni ipunguzwe kwa anayeihitaji. Inasema lita zisizomfaa zisiachwe zikimwagika, mashine ikitolewa usoni gesi ifungwe kwanza, na kwa mgonjwa ambaye asilimia 94 ya oksijeni ya damu inamtosha, tusimsukumie hadi 100 kwa sababu tu namba ya 100 inapendeza kuandika kwenye fomu.

Ombi langu kubwa ni mwenye dhamana. Andikeni, kwa pamoja, kwamba kifaa chochote cha oksijeni kinachopanda ndege ya wagonjwa, kiwe kimefungwa au kimebebwa, kina mkaguzi mmoja anayejulikana na karatasi yenye namba na tarehe yake, na kwamba mwendeshaji asiyeweza kuonyesha karatasi hiyo hasafirishi mgonjwa kwa kifaa hicho. CASSOA inaweza kuandika kanuni moja ili mgonjwa wa Mwanza anayekwenda Nairobi asibadilishe usalama wake anapovuka mpaka. Mamlaka za vifaa tiba zitoe utaalamu wa regyuleta na mashine. Mamlaka za anga zina meno ya kuzuia ndege isiruke. Anayejaza mitungi naye asiachwe nje, maana kule ndiko mtungi wa kiwandani na wa hospitali hukutana kwenye sakafu moja.

Pili, tupeni mahali pa kusema. Nimesikia wenzangu wakisimulia mlio wa "pa!" walipofungua vali, harufu ya kuungua, alama nyeusi ndani ya regyuleta. Husimuliwa kwenye chai, na regyuleta hutupwa. Hakuna aliyeandika popote, kwa kuwa anayeandika huulizwa kwanza alifanya kosa gani. Marubani wenu wana njia ya kutoa taarifa bila kuadhibiwa. Ifungueni kwa wauguzi na paramediki, na regyuleta iliyoungua itunzwe badala ya kutupwa, ili fundi anayejua aikate na kutazama ndani.

Najua kanuni huchukua muda, vikao vina ratiba zake, na wanasheria wana haki ya kusoma kila mstari. Yapo machache yasiyohitaji kikao. Waraka wa ukurasa mmoja kwa waendeshaji wote wa ndege za wagonjwa unaweza kutoka wiki hii: regyuleta za alumini zitolewe kwenye ndege, gasketi za nailoni zilizokwisha tumika zitupwe, vali zifunguliwe polepole mlango ukiwa wazi, mafuta yafutwe usoni kwa mgonjwa kabla ya barakoa, na kila timu itaje kabla ya kuruka ni nani atakayefunga mtungi.

Wasalaam,

Muuguzi wa ndege za wagonjwa,
Nairobi